GHARAMA YA MGOMO: NANI ANAHESABU, NA ANAHESABU NINI?

Matini ya hotuba iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za mageuzi za mitaa, katika kikao cha kujadili pendekezo la kufunga shughuli nchini



Nimepewa jukumu la kuzungumzia jambo ambalo katika mikutano yetu huwa tunalipita kwa haraka, kana kwamba kulitaja ni kuwasaliti wenzetu. Jambo lenyewe ni gharama. Mgomo una gharama, na maandamano ya kufunga miji yana gharama. Kabla kikao hiki hakijapiga kura juu ya pendekezo lililo mezani, yafaa tujue gharama hiyo huanzia wapi, humwangukia nani, na ni nani anayestahili kuilipa.

Kuna sauti mbili juu ya jambo hili. Ya kwanza ni sauti ya watawala. Wafanyakazi wanapoweka chini zana zao, au vijana wanapoingia barabarani, kiongozi fulani hujitokeza kutangaza kwamba nchi imepoteza mabilioni ya shilingi kwa siku moja, na kwamba waliohusika ni maadui wa maendeleo. Sauti ya pili hutoka kwetu wenyewe. Hiyo husema kwamba haki haina bei, na kwamba anayeuliza habari ya hasara ni mwoga au kibaraka. Mimi nasema kwamba sauti zote mbili zinakwepa hesabu. Mtawala anasoma ukurasa mmoja tu wa daftari. Sisi twakataa kulifungua daftari lenyewe. Naomba leo tulifungue na tulisome lote.

HASARA IPO, NA HAIGAWANYWI SAWA

Tuanze na ukweli usiopendeza. Siku mji unapofungwa, hasara ipo. Hata hivyo, si hasara ya aina moja, na asiyepambanua aina zake hawezi kuwatendea haki walioipata.

Aina ya kwanza ni shughuli iliyoahirishwa. Mwenye duka la saruji na mabati akifunga Jumatatu, mteja wake hurudi Jumanne, kwa kuwa nyumba yake bado haijaezekwa. Biashara hiyo haikufa, imesogea siku moja mbele. Mwenye duka ana haki ya kulalamika, lakini mwisho wa mwezi fedha nyingi atakuwa amezipata.

Aina ya pili ni kile kinachopotea kisirudi. Nyanya zilizokwama njiani kuelekea soko la Wakulima, Nairobi, haziwezi kungoja kesho. Maziwa ya jioni hayana subira. Chumba cha hoteli ya Pwani kilicholala kitupu usiku mmoja hakiwezi kuuzwa mara mbili usiku unaofuata. Mzigo unaokaa bandarini Mombasa kupita siku zake hutozwa ada ya kuhifadhiwa, na ada hiyo mwishowe huongezwa juu ya bei ya kilo ya sukari au lita ya mafuta.

Aina ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi, nayo ni hasara ya mtu anayekula alichokipata siku hiyo hiyo. Namsema mama mboga aliyekopa mtaji kwenye chama chake, akaamka saa kumi za usiku kwenda Marikiti. Namsema kibarua wa ujenzi, utingo wa matatu, msukuma mkokoteni, fundi wa jua kali. Mwenye mshahara wa mwezi akikosa kufika kazini siku moja, mshahara wake kwa kawaida huingia. Hawa wengine wakikosa siku moja wamekosa chakula cha usiku, na deni la chama halikungoja. Hesabu za nchi zinapojumlishwa, shilingi mia tano za mama mboga hazionekani kando ya mamilioni ya kampuni kubwa. Kwake yeye, hizo mia tano ndizo unga, mafuta ya taa na nauli ya mtoto.

Ndugu wajumbe, hasara pia huvuka mipaka. Barabara na reli zitokazo Mombasa hulisha Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Mnamo Januari 2008, baada ya uchaguzi ulioharibiwa, barabara za magharibi zilifungwa na reli ikang'olewa Kibera, na punde si punde petroli ikawa adimu Uganda na Rwanda. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika machafuko yale. Ukuaji wa uchumi, uliokuwa karibu asilimia 7 mwaka 2007, ulishuka chini ya asilimia 2 mwaka uliofuata. Yale hayakuwa mgomo wala maandamano ya amani, na sitakubali mtu yeyote atuweke katika kapu moja na waliochoma nyumba za jirani zao. Nayataja kwa sababu moja: kila anayeita umma barabarani analo jukumu la kujua mstari uko wapi, na kuulinda.

MABILIONI YANAYOTANGAZWA

Sasa tuyatazame mabilioni yenyewe. Julai 2023, wakati wa maandamano ya muungano wa Azimio dhidi ya gharama ya maisha, Muungano wa Sekta ya Kibinafsi, KEPSA, ulikadiria kwamba uchumi ulikuwa ukipoteza takriban shilingi bilioni 3 kila siku. Tusiikatae takwimu hiyo kwa hasira, tuipime. Pato la taifa mwaka 2023 lilikuwa karibu shilingi trilioni 15. Ukiligawa kwa siku 365 utapata karibu bilioni 41 kwa siku. Kwa hiyo waliotoa makadirio hayo walikuwa wakituambia kwamba katika kila shilingi 100 ambazo nchi ingezalisha siku ile, shilingi 7 hivi zilipotea.

Huenda ni kweli. Lakini takwimu ya namna hii, inaposomwa katika taarifa ya habari, haimwambii msikilizaji ni shilingi ngapi zilizoahirishwa tu na ni ngapi zilizopotea kabisa. Haimwambii ni maduka mangapi yaliyofungwa kwa kuwaogopa waandamanaji, na mangapi kwa sababu ya vitoa machozi. Wala haimwambii mwananchi alikuwa akipoteza kiasi gani kila siku kabla ya maandamano, kutokana na hilo hilo lililomfanya aandamane. Katika mwezi ule wa Julai 2023, ushuru wa thamani ya ziada kwa mafuta ya petroli ulikuwa umepandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Hiyo nayo ni gharama, na haikutokea siku moja kwa wiki. Ilitokea kila mara mtu alipopanda matatu.

AHADI NI DENI

Hapa ndipo tunapofika kwenye ukurasa wa pili wa daftari, ule ambao watawala hawapendi usomwe.

Rudini nami hadi mwaka 1993. Mei mwaka ule, Muungano wa Vyama vya Wafanyakazi, COTU, chini ya katibu wake Joseph Mugalla, ulidai mishahara iongezwe maradufu na kuitisha mgomo wa nchi nzima. Serikali ilisema mgomo ni haramu na Mugalla akakamatwa. Wengi walimcheka kwa kudai nyongeza ya asilimia 100. Lakini mfumko wa bei mwaka ule ulifika karibu asilimia 46, baada ya fedha kumwagwa nchini kuelekea uchaguzi wa Desemba 1992, na baada ya kashfa ya Goldenberg, ambapo hazina ya umma ililipa fidia kwa dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa ng'ambo na nchi isiyochimba almasi. Mfanyakazi aliyekuwa na shilingi 1,000 mwanzoni mwa mwaka alijikuta mwishoni anaweza kununua bidhaa ambazo zamani zingemgharimu shilingi 685 hivi. Zaidi ya shilingi 300 katika kila 1,000 zilikuwa zimetoka mfukoni mwake bila yeye kugoma hata saa moja. Nani alisimama redioni kutangaza hasara hiyo?

Tazameni pia walimu. Walipogoma Oktoba 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, serikali ilikubali kuwaongezea mishahara kwa kati ya asilimia 150 na 200, kwa awamu, katika muda wa miaka 5. Makubaliano yakachapishwa rasmi kama Tangazo la Kisheria nambari 534 la mwaka 1997. Uchaguzi ukapita. Awamu ya kwanza ikalipwa, kisha serikali ikasema haina fedha. Walimu wakagoma tena Oktoba 1998, na wakagoma tena mwaka 2002, wakidai kitu kile kile kilichokwisha kukubaliwa, hadi serikali mpya iliyoingia 2003 ilipokubali kukilipa kidogo kidogo. Watoto walipoteza masomo mara tatu kwa deni moja.

Madaktari walitia sahihi mkataba wa makubaliano na serikali Juni 2013. Haukutekelezwa. Tarehe 5 Desemba 2016 waligoma, na hawakurudi hadi Machi 14, 2017: siku 100. Viongozi wa chama chao, KMPDU, walitiwa gerezani Februari 2017 kwa kutotii amri ya korti. Nchi nzima inazikumbuka siku zile 100. Lakini kuanzia mkataba ule utiwe sahihi hadi siku mgomo ulipoanza zilipita zaidi ya siku 1,200, na hizo hakuna azikumbukaye. Mgomo haukuanza Desemba 2016. Ulianza siku ya kwanza ambayo mwajiri aliamua kwamba sahihi yake si kitu. Na fundisho halikushika: Machi 2024 madaktari wakagoma tena, siku 56, kwa ajili ya malimbikizo ya mkataba wa 2017 na malipo ya madaktari wanagenzi.

Wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nao waligoma Septemba 2025 kwa siku 49, wakidai shilingi bilioni 7.9 zilizotokana na mkataba wa kipindi cha 2017 hadi 2021. Mkataba ulikuwa umekwisha muda wake na mwingine kuanza, ilhali wa kwanza haujalipwa. Mwanafunzi aliyeingia chuoni akiwa na matumaini ya kumaliza kwa miaka 4 aliongezewa nusu muhula wa kukaa bure, akalipa kodi ya chumba, akala, akangoja.

Wahenga walisema ahadi ni deni, na wakasema tena dawa ya deni ni kulipa. Katika mifano yote hii mitatu, ya walimu, ya madaktari na ya wahadhiri, mgomo haukuwa tamaa mpya. Ulikuwa ni kudai deni lililokwisha kutiwa sahihi. Basi atakayetangaza gharama ya siku ya mgomo na atangaze pia gharama ya siku za kupuuzwa zilizouzaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu tumeujenga mara nyingi mno kwa fedha za walipa kodi.

NI NANI ANAYEFUNGA NCHI?

Yapo mengine katika ukurasa huo. Twaambiwa kwamba waandamanaji hufunga nchi. Hebu tuulize historia.

Julai 1990, Kenneth Matiba na Charles Rubia waliomba kibali cha mkutano mmoja Kamukunji. Ungekuwa mkutano wa alasiri moja katika uwanja mmoja. Serikali iliwanyima kibali na kuwatia kizuizini siku chache kabla ya Saba Saba. Watu walikuja hata hivyo, polisi wakawavamia, na ghasia zikaendelea kwa siku kadhaa, zikaenea hadi nje ya Nairobi, na watu wakauawa. Alasiri moja ya hotuba ingegharimu nini? Mwaka 1997, tarehe ile ile ya Julai 7, polisi waliingia hadi ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, wakawapiga waliokimbilia humo, akiwemo Kasisi Timothy Njoya.

Na msidhani hayo ni ya kale. Julai 7, 2025, vijana walipokusudia kuadhimisha miaka 35 ya Saba Saba, ni polisi waliotandaza seng'enge na kuzuia barabara kuu za kuingilia Nairobi tangu alfajiri. Wafanyakazi walitembea kwa miguu, mabasi ya usiku yakakwama nje ya mji, maduka hayakufunguliwa. Hakuna kijana aliyekuwa na uwezo wa kuufunga mji mkuu namna ile. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu zaidi ya watu 30 waliouawa siku ile. Gharama ya siku hiyo iandikwe kwa jina la nani?

Ndugu zangu, maandamano yanayolindwa hugharimu barabara moja kwa saa chache. Maandamano yanayovamiwa hufunga mji mzima. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha maombi kwa amani bila silaha. Tangu marekebisho ya 1997, sheria ya utengamano wa umma haidai kibali bali notisi kwa polisi. Polisi wakiitumia notisi hiyo kupanga ulinzi, mama mboga atauza hadi jioni. Wakiitumia kupanga mashambulizi, wao ndio waliomfungia kibanda.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tarehe 25 Juni 2025, maduka jijini Nairobi yalivunjwa na kuporwa. Wenye maduka yale hawakuandika sheria ya ushuru wala hawakumfyatulia mtu risasi. Wengine wao walikuwa upande wetu. Yawezekana sana kwamba miongoni mwa waporaji walikuwamo wahuni wa kukodiwa, lakini jibu hilo halimrudishii mwenye duka bidhaa zake. Tukiita watu barabarani bila walinzi wa nidhamu wa kwetu wenyewe, bila njia iliyopangwa na bila saa ya kutawanyika, tumemwachia mhuni uwanja na tumempa mtawala takwimu.

FAIDA NAYO IANDIKWE

Daftari la haki huandika matumizi na mapato. Mgomo umeleta nini katika nchi hii?

Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waligoma kwa muda wa siku 12 hivi: wa bandarini, wa reli, wa hotelini, wa majumbani. Serikali ya kikoloni ililalamika juu ya meli zilizokaa bila kupakuliwa. Haikulalamika juu ya vyumba vilivyojaa watu kama magunia, wala mishahara isiyolingana na bei za vyakula baada ya vita. Mgomo ulilazimisha kuundwa kwa baraza la usuluhishi lililoongeza mishahara. Chege Kibachia, kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi lililozaliwa katika mgomo huo, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Baringo mwaka ule ule. Faida ikaenda kwa wengi, na gharama akaibeba yeye.

Mwaka 1997, baada ya Saba Saba na mgomo wa Nane Nane, watawala waliokuwa wamekataa katakata mazungumzo waliketi na wabunge wa upinzani katika kundi la IPPG. Sheria za kizuizini, za machifu na za mikutano zikalegezwa, na upinzani ukapewa nafasi ya kupendekeza makamishna 10 wa tume ya uchaguzi. Hayakuwa yote tuliyodai. Katiba kamili tuliingoja hadi 2010. Lakini bila wale waliofunga maduka yao siku ile, hata hayo yasingepatikana.

Na Juni 2024, vijana walisimama dhidi ya Mswada wa Fedha uliokusudia kukusanya karibu shilingi bilioni 346 zaidi kutoka kwa wananchi. Juni 26, siku moja baada ya watu kupigwa risasi nje ya Bunge, Rais alikataa kuutia sahihi. Lakini kufikia Julai mosi, Tume ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa. Mchumi anaweza kuandika bilioni 346 upande mmoja. Upande wa pili hana cha kuandika, kwa kuwa mtoto wa mtu hana bei, na mama yake hakuulizwa kama angekubali mabadilishano hayo. Faida zetu zimekuwa kubwa, na wanaozilipa aghalabu si wanaozifurahia. Hilo ndilo linalotutaka tuwe waangalifu, hata tunapokuwa na haki.

HOSPITALI

Nitasimama kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo dhamiri zetu hupimwa.

Mwaka 2017 ulianza madaktari wakiwa katika mgomo wa siku 100, na Juni wauguzi wakagoma kwa takriban siku 150. Yaani sehemu kubwa ya mwaka ule, mwananchi aliyetegemea hospitali ya umma hakuwa na uhakika wa kumpata daktari au muuguzi. Madai ya pande zote mbili yalikuwa ya haki. Lakini mgomo ni kani, na kani hufaa pale tu inapomsukuma aliyekusudiwa. Mkuu mwenye uamuzi hutibiwa katika hospitali za kibinafsi au husafiri India. Mgomo wa hospitali ya umma haumgusi. Unamgusa mwanamke mjamzito wa Turkana au wa Kwale, asiyekuwa na pa kwenda na asiye na sauti ya kumshurutisha waziri. Serikali inajua hivyo, na ndiyo maana inaweza kungoja siku 100.

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inaziweka huduma za hospitali miongoni mwa huduma muhimu na kuzuia mgomo ndani yake. Katiba, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Kati ya sheria hizo mbili amelala mgonjwa. Mimi sisemi daktari anyamaze. Nasema sisi sote tulio nje ya hospitali tugome kwa niaba yake, na yeye abaki kwenye chumba cha kuzalisha, cha dharura na cha wagonjwa mahututi. Kama madai ya daktari ni ya umma, basi mzigo wake na ubebwe na umma, usiachiwe mgonjwa peke yake.

MASHARTI NINAYOPENDEKEZA

Naja sasa kwenye pendekezo lililo mbele yetu. Naliunga mkono, lakini kwa masharti, na naomba yaandikwe ndani ya azimio lenyewe.

Kwanza, dai liwe moja, liandikwe kwa maneno yanayoeleweka, na lipelekwe kwa serikali pamoja na tarehe ya kujibu. Sheria inamtaka mfanyakazi atoe notisi ya siku 7 kabla ya kugoma. Sisi tutoe zaidi ya hizo, ili asiwepo atakayesema hakuambiwa.

Pili, mgomo uwe na mwanzo na mwisho. Siku moja inayoheshimiwa na wote ina nguvu kuliko wiki tatu zinazofifia huku watu wakirudi kazini mmoja mmoja kwa njaa.

Tatu, hospitali, maji, zimamoto, mazishi na mitihani ya kitaifa visiguswe. Masoko ya chakula yaachwe wazi hadi saa nne asubuhi, ili mkulima auze kilicho tayari na mama mboga arudishe mtaji wake.

Nne, mzigo ubebwe kwanza na wenye mabega mapana. Sisi wenye mishahara ya mwezi, wanasheria, walimu, wafanyabiashara, makasisi, tuchange mfuko wa mtaa kabla ya siku yenyewe, na kamati zijue majina ya watu wa kibarua watakaolala njaa. Asiyeweza kuchangia chakula cha jirani yake kwa siku moja hana haki ya kumwamuru afunge kibanda. Tukifanya kinyume chake, tutakuwa tumemfanya mama mboga mdhamini wa mkopo asioutia sahihi.

Tano, kila kamati iwe na walinzi wake wa nidhamu, wanaojulikana kwa sura. Anayevunja duka au anayemuuliza mtu kabila lake si mwenzetu, na atakabidhiwa kwa sheria na sisi wenyewe.

Sita, tuweke hesabu. Baada ya siku yenyewe kila kamati iandike: nani alifunga, nani aliumia, nani alipoteza nini, na kwa mkono wa nani. Tuchapishe kurasa zote mbili, hata zile zitakazotuaibisha. Waziri akitangaza mabilioni yake, tutamwomba naye aonyeshe jinsi alivyoyajumlisha.

Na kwa serikali tuna neno fupi. Mkataba utakaotiwa sahihi uwekwe katika makadirio ya bajeti ya mwaka huo huo, au usitiwe sahihi. Polisi walinde maandamano badala ya kuyavamia. Mambo hayo mawili yakifanyika, sehemu kubwa ya hasara ninayoizungumzia haitatokea, na kikao kama hiki hakitakuwa na haja ya kuitishwa.

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe mtakaporudi mitaani mtaulizwa swali moja na watu wasiokuwa na akiba: "Mwatuambia tufunge, je, tutakula nini?" Msiwajibu kwa wimbo wala kwa ngumi iliyoinuliwa. Wajibuni kwa kuwaonyesha mfuko, tarehe, na dai lililoandikwa. Kamati ambayo haina vitu hivyo vitatu kufikia siku ya notisi, naomba isiruhusiwe kumfungia mtu yeyote kibanda chake.